Foleni ya Salamu

Kijana akiniuliza barua pepe za ofisi zihifadhiwe kwa njia gani, mimi humuuliza kwanza: huko kazini kwenu watu husalimiana vipi? Wengi hucheka. Wanadhani uzee umeanza kunichezea. Nawaacha wacheke, kisha nawasimulia habari za Lodwar na Kakuma, na kicheko hukatika chenyewe.

Nilifanya kazi ya kompyuta Turkana kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye ndoa, na niseme ukweli, kompyuta zilinisikiliza zaidi. Shirika letu silitaji. Lilikuwa la misaada, makao yake Lodwar, na ofisi ndogo Kakuma karibu na kambi ya wakimbizi. Nyinyi wa leo mnasema "weka tu kwenye wingu" utadhani mlizaliwa na umeme mkononi. Lodwar ya mwaka wa 2012 wingu tulilolijua ni la mvua, na hilo nalo tuliliombea kanisani. Barua zetu zote zilipita kwenye sahani ya setilaiti juu ya paa la Lodwar na nyingine kama hiyo Kakuma. Mtu mmoja akituma picha za kisima, ofisi nzima inakaa kungoja.

Mkuu wa mitambo alikuwa Mzee Lokwawi, Mturkana mwenzangu, mwembamba, mkali, mtafuna tumbaku. Alianza kazi akiwa mtu wa redio za upepo, zile za kupiga kelele "nakusikia, nakusikia" huku husikii kitu. Viti vya ofisi alivikataa. Alikalia ekicholong', kile kigoda chetu kidogo ambacho wazee hukalia na kulazia kichwa, na alikiweka mbele ya seva kama mtu anayekamua mbuzi. Mimi ndiye niliyekuwa chini yake, na alinifunza kazi kwa matusi mengi na subira kubwa. "Akiru," angeniambia, "mashine haina akili, iko na utii tu. Ukiiambia ujinga, itafanya ujinga bila kuchoka." Niliona ni maneno ya kupitisha mchana.

Habari ya kuhifadhi barua ilitushika koo wakaguzi walipokuja kutoka Nairobi. Walitaka kuona barua za zamani kuhusu kisima fulani: nani aliagiza, nani aliruhusu, nani alionya. Afisa aliyeziandika alikuwa ameshahama. Aliyechukua nafasi yake alikuwa amezifuta zote siku ya kwanza, kwa usafi tu, jinsi mtu anavyofagia nyumba aliyohamia. Wafadhili wakasema wazi: ofisi isiyoweza kuonyesha barua zake haitapata mradi mwingine. Mkuu wetu wa shirika, bwana mmoja wa suti aliyetokwa jasho mwaka mzima, akamwita Mzee Lokwawi na kumwambia achague njia, na aichague haraka.

Njia tulizokuwa nazo ni tatu, na mpaka leo ukizivua majina yake mapya utazikuta ni zile zile.

Ya kwanza ni kila mfanyakazi ajihifadhie mwenyewe kwenye kompyuta au diski yake. Hiyo tulikuwa tumeijaribu, na ilituaibisha. Tulikuwa na afisa wa samaki kule Longech, mtu mwema sana, aliyeambiwa kwamba joto linaua diski. Alisikia, akatii. Akawa anaitunza diski yake ndani ya sanduku la barafu pamoja na samaki wa ziwani. Ilipotufikia Lodwar ilikuwa inanuka kiasi kwamba Mzee Lokwawi aliishika kwa koleo. Ndani yake hatukusoma hata herufi. Yule afisa alishangaa kweli kweli: "Lakini Mzee, haikupata joto hata siku moja."

Njia ya pili ni seva yenyewe ipite kila baada ya muda, ichukue barua zilizozeeka, iziweke ghalani. Ni nafuu na haisumbui mtu. Ubaya wake ni kwamba barua hukaa mikononi mwa mwenyewe mpaka izeeke, na mtu mwenye la kuficha hangojei barua yake izeeke.

Ya tatu ndiyo Mzee Lokwawi aliipenda. Kila barua, papo hapo inapopita, nakala yake inakatwa na kupelekwa kwenye hifadhi iliyoko Nairobi. Hifadhi hiyo inaandikwa mara moja tu. Hakuna wa kufuta, si mimi, si Lokwawi, si mkuu wa shirika. "Kitu cha kuweka ushahidi kisimuogope mkubwa," alisema kwenye mkutano, na yule bwana wa suti akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu wafadhili walikuwa wakisikiliza kwenye simu.

Tukaifunga kwenye seva. Wiki haikuisha ofisi ikakwama. Kila barua sasa ilikuwa inasafiri mara mbili, na njia yetu haikuweza kubeba hata mara moja. Tulipochungulia foleni kuona ni nini kimejaa hivyo, tulikuta salamu.

Mnaotoka kwingine mnaweza kudhani natia chumvi. Kwetu huwezi kumkuta mtu ukamrukia na shida yako. Unamwambia ejok, anakujibu ejok nooi, mnaulizana mvua, mbuzi, watoto, ndipo unasema kilichokuleta. Watu wetu walipopewa barua pepe waliibeba desturi hiyo nzima nzima. Asubuhi mtu mmoja aliandika "Ejok" kwa ofisi zote, na ofisi zote zikamjibu, kila mmoja kwa wote. Mpaka wakati wa chai, njia ya setilaiti ilikuwa imejaa watu wanaotakiana heri.

Na hakuna aliyesalimu kwa bidii kumshinda Deng wa Kakuma.

Deng alikuwa Mdinka wa Sudan Kusini, mkimbizi aliyekulia kambini, mrefu wa kuinama kila mlangoni. Ndiye aliyetutunzia kompyuta za Kakuma. Mimi nilimfundisha, na nasema bila kujisifu kwamba alishika upesi. Kiturkana alijua maneno machache, lakini lile la ejok alilipenda kuliko yote, kwa sababu, alisema, mtu mgeni akilitamka watu wa hapa wanamtazama upya. Alikuwa na tabia moja iliyonichekesha. Hakuwa anafungua barua mpya. Akiwa na jambo, alitafuta ile ya salamu za asubuhi, akajibu hapo hapo, jambo lake likafuata chini. Nilimuuliza sababu.

"Madam, ile mpya ni kama kuingia kwa boma ya mtu na kuanza kuomba maji," alinijibu. "Mimi nakuja kwa mlango ya salamu. Hapo tayari tumesalimiana, sasa naweza kusema."

Mkewe, Achol, aliuza sukari na sabuni kwenye kibanda kambini. Nikienda Kakuma ndiye aliyenipikia chai, na alimtania mumewe mbele yangu. "Huyu anasalimia kompyuta kila siku," alisema. "Mama yangu anamsalimia Krismasi tu." Deng alicheka mpaka akashika tumbo. Achol alikuwa mjamzito wakati huo, mimba yao ya kwanza, na alikuwa ameshaanza kushona vinguo.

Basi ofisi imekwama, mkuu anafoka, na sisi tumekaa kikao cha mitambo. Lokwawi ndiye aliyetoa dawa. Kwa kuwa salamu zote zina kichwa kile kile, "Ejok" au "Jibu: Ejok", tuiamuru seva ya Kakuma iziweke kando mchana, izitume jioni njia ikiwa tupu. Zitafika, zitahifadhiwa, wakaguzi wataridhika, na kazi itapita.

"Salamu haziozi," alisema. "Zingoje jioni."

Tukacheka, tukakubali sote. Amri niliiandika mimi, maana vidole vyake vilikuwa vizito. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Barua zilianza kwenda kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona, na mkuu alitununulia soda. Tangazo tulilituma Kakuma: salamu zitakuwa zinafika jioni. Deng alilisoma, na alilielewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angelielewa, kwamba barua za salamu tupu ndizo zitakazongoja. Lakini seva haikuwa inasoma barua. Ilikuwa inasoma kichwa. Na nywila ya seva ile ilikaa Lodwar, kwa hiyo Deng, aliyeitunza mashine yenyewe, hakuwa na njia ya kuona foleni.

Siku yenyewe, mnara wa simu wa Kakuma ulikuwa umezimika tangu jana yake. Redio ya ofisi ilikuwa kwa fundi. Achol alijifungua asubuhi kliniki ya kambini, mtoto wa kike, akalia vizuri. Damu ya mama ndiyo haikukatika. Daktari alifanya aliloweza, kisha akamwambia Deng kwamba damu ya kundi la Achol haipo pale, ila Lodwar ipo, na kumsafirisha mgonjwa katika hali ile ni hatari. Gari letu la kila siku lilikuwa bado halijatoka Lodwar. Likipata habari, litaibeba.

Deng alikimbia mpaka ofisini. Akakaa, akatafuta mlango wake wa salamu, akaandika, akatuma. Kompyuta ikamwambia imetumwa. Akarudi kwa daktari akasema, "Nimetuma. Gari inakuja na damu." Kisha akaenda kusimama langoni, barabara ya Lodwar inakotokea.

Nasi Lodwar tulikuwa tunakunywa chai. Gari lilipakiwa makaratasi na wino wa printa. Dereva wetu Ekeno aliniuliza kama kuna kingine cha Kakuma, nikamwambia hakuna, safari njema. Hasira niliyo nayo juu ya chai ile, vijana, haijaniisha mpaka leo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Ekeno. Alifika Kakuma jua likiwa limeanza kushuka. Deng alilikimbilia gari kabla halijasimama, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaanza kushusha maboksi.

"Damu iko wapi?"

"Damu gani?" Ekeno akamuuliza.

Deng aliendelea kushusha, boksi moja baada ya lingine, akiyafungua na kuyatupa chini, mpaka gari likabaki tupu. Wakampakia Achol wajaribu kumkimbiza Lodwar, na daktari akapanda naye. Hawakufika mbali. Ekeno aligeuza gari pale pale barabarani na kurudi polepole, maana hapakuwa tena na haja ya haraka.

Jioni foleni ilifunguka. Zikaanza kuingia kwenye kompyuta yangu, Ejok, Ejok, Ejok nooi, za watu wote wa Kakuma, na katikati yake hii:

"Ejok Madam, habari ya Lodwar. Achol amezaa lakini iko natoka damu mingi. Daktari anasema damu yake hapa hakuna, Lodwar iko. Nimeandika grupu hapa chini. Gari ya leo ibebe. Tafadhali sana Madam, isitoke bila damu. Mimi nangoja kwa gate."

Nilimwita Mzee Lokwawi. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi kwenye kigoda chake na kuangalia ukuta.

Mngedhani mabaya yameishia hapo. Yule bwana wa suti aliandika ripoti kwamba mtandao ulikuwa mbovu siku hiyo. Akamwita Deng na kumwambia kwa sauti ya pole kwamba huenda, kwa wasiwasi, hakubonyeza mahali pa kutuma. Pole, alisema, hata mimi ingenitokea. Deng aliamini. Mtu akiwa na msiba huamini lolote linalomuumiza. Nduguze Achol wakalisikia, na neno likazunguka kambi nzima: alitumwa kuita damu, hata hilo likamshinda. Kaka zake Achol wakasema mwanamume asiyeweza kupeleka habari ya mkewe hataweza kulea binti yake, na kwamba baada ya matanga watamchukua mtoto. Deng hakuwabishia. Alikuwa tayari kumtoa.

Bwana wa suti alimwomba Lokwawi jambo moja tu, kwamba nakala ile ya Nairobi ifutwe. Nilikuwepo. Lokwawi alimkumbusha kwamba tulichagua hifadhi isiyofutika, na kwamba yeye mwenyewe alikubali wafadhili wakisikia. "Basi isitafutwe," mkuu alisema. "Na mtu asiipeleke popote."

Hapa nisimame kidogo niwape cha kazi, kwa sababu ndicho mlichonijia. Msiipange barua kwa kichwa chake kamwe. Watu hawaandiki vichwa, wanaviokota. Kama njia ni nyembamba, chelewesheni nakala ya hifadhini, iende Nairobi jioni, na barua yenyewe iende kwa mwenyewe papo hapo. Aliye hai asipange foleni nyuma ya kumbukumbu. Jambo dogo namna hiyo lingetosha, na hatukuliwaza, kwa sababu tulikuwa tunawaza wakaguzi. Na kila foleni mnayoiweka, aliye upande wa pili awe anaiona. Kompyuta isimwambie mtu "imetumwa" wakati imeketishwa.

Lokwawi hakuomba ruhusa. Asubuhi baada ya agizo lile la mkuu tulipanda gari la Ekeno, yeye na mimi, tukaenda Kakuma moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Deng kambini. Watu wa matanga walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Kaka zake Achol walikuwepo, na mama mzazi wa Deng akiwa amempakata mtoto. Tuliwasalimu wote, mmoja mmoja, na huo mwendo wa kupeana mikono ulinichoma.

Lokwawi alibaki amesimama.

"Nimekuja kusema neno moja, na hawa mashemeji wasikie," alisema. "Deng alituma. Asubuhi mapema, kabla gari haijatoka kwetu. Barua ilifika kwa mashine yetu ya hapa. Ni sisi tuliiambia mashine iweke salamu kando, na hii ikawekwa kando pamoja na salamu. Kosa ni yetu. Yeye alituma."

Akawafungulia kompyuta ndogo tuliyoibeba. Nakala ilikuwa na saa barua ilipoingia kwenye foleni na saa ilipotoka. Kaka mkubwa wa Achol aliisoma, akamsomea mdogo wake kwa lugha yao. Baadaye kidogo yule mkubwa aliinuka, akaenda kwa mama yake Deng, akamtengenezea mtoto kitambaa kichwani, akarudi kuketi. La kumchukua mtoto hawakulitaja tena.

Deng alikuwa anaangalia ile kompyuta.

"Kwa hivyo nilituma," alisema.

"Ulituma," nikamwambia.

"Nilituma." Alisema hivyo mara kadhaa, kila mara polepole zaidi, na machozi yakaanza kumtoka bila uso wake kubadilika. Aliponyamaza alimgeukia Lokwawi. "Mzee, sasa ifute. Nimeomba pale kama mtoto. Sitaki watu wa ofisi wakisoma vile nilikuwa naomba."

Mzee Lokwawi aliifunga kompyuta.

"Haifutiki, Deng," alisema. "Niliitengeneza isifutike."

Mkataba wa Lokwawi ulipokwisha haukuongezwa. Alirudi kwao na mbuzi zake, na kila nilipomtembelea aliniuliza habari za mvua lakini si za ofisi. Mimi niliendelea mpaka nilipostaafu. Wakaguzi walikuja, na wengine baada yao, na kila waliporuhusiwa kupekua hifadhi waliikuta ile barua kati ya barua za mafuta ya gari na mifuko ya saruji. Wengine waliniuliza ni nini. Niliwaambia waisome, wasiulize.

Deng alibaki Kakuma na kazi yake, na binti alikua. Lakini salamu za asubuhi zilipokuwa zikizunguka, jina lake halikuwemo. Hakuandika tena kabisa. Akiwa na shida ya mitambo alipiga simu, nami kila mara nikashika nikasema, "Ejok, Deng."

"Printa ya hapa imekwama," angesema, na kungoja.